Pointi Nne za Chuo

Swaumu alikuwa binti wa Mzee Mtoro wa Zinga. Wazazi wake walilima mihogo. Baba aling'oa, mama, aliyeitwa Sikuzani, alimenya na kukaanga, na wapita njia walinunua. Swaumu alipomaliza kidato cha sita, alimsaidia mama yake huku akisubiri matokeo.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba. Swaumu aliyasoma kwenye simu. Jiografia C. Historia D. Uchumi S. Jumla pointi kumi na tatu, daraja la tatu.

"Umefaulu?" baba yake aliuliza.

"Nimefaulu, baba. Lakini sijui kama chuo kikuu watanichukua."

Jioni jirani yao Kitwana alikuja kuwasalimu. Alikuwa amepata ujumbe kwenye simu.

"Chuo kikuu wanataka pointi nne," alisema. "Nimesoma mwenyewe."

Swaumu alihesabu tena pointi zake. Shuleni walijua kwamba pointi zikiwa chache ndiyo vizuri. Mwenye A tatu ana pointi tatu tu. Sasa chuo kinataka nne, na yeye ana kumi na tatu.

Toka siku ile hakula vizuri. Wenzake walipomwuliza kama ameshaomba chuo, alizima simu. Mtoro naye hakutulia. Dada yake alikuwa na mgahawa Msata, pale mabasi yanaposimama. Wakakubaliana Swaumu aende Jumatatu akafanye kazi huko.

"Sikufukuzi, mwanangu," Mtoro alisema. "Ukikaa hapa utazidi kuwaza."

Lakini Sikuzani alikuwa amesikia redioni kwamba maombi ya vyuo yanafungwa Ijumaa. Jumatano asubuhi aliepua karai la mafuta, akafunga kanga.

"Vaa, twende kwa Mwalimu Najma."

"Mama, naona aibu."

"Aibu utaiona baadaye. Kwanza tukamsikie anayejua."

Najma alikuwa mwalimu wa sekondari ya kata. Walimkuta ofisini akisahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu," Swaumu alisema.

"Marahaba. Karibuni. Habari za nyumbani, Mama Swaumu?"

"Nzuri, mwalimu, ila roho haijatulia. Tumekuja kwa habari ya huyu."

Mwalimu alimtazama Swaumu. "Umeomba chuo gani?"

"Sijaomba. Wanataka pointi nne, na mimi nina kumi na tatu."

Mwalimu Najma aliweka kalamu chini. "Zimebaki siku mbili, na hujaomba?"

Macho ya Swaumu yalijaa machozi.

"Nisikilize," mwalimu alisema. "Kuna hesabu mbili, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya Baraza la Mitihani. Hiyo ndiyo inayotoa daraja. A ni moja, B mbili, C tatu, D nne, E tano, S sita, F saba. Hapo pointi chache ndiyo bora. Ya pili ni ya kuingia chuo kikuu. Hiyo inakwenda kinyume. A ni tano, B nne, C tatu, D mbili, E moja. Huko pointi nyingi ndiyo bora."

"Na S?" Sikuzani aliuliza.

"S ni nusu pointi, lakini si ufaulu kamili. Ufaulu kamili ni A mpaka E. Chuo kinataka masomo mawili yenye ufaulu kamili. Kwa kozi nyingi, hayo mawili yafike angalau pointi nne. Haya Swaumu, jumlisha."

Swaumu aliandika kwa kidole juu ya meza. "Jiografia C, tatu. Historia D, mbili." Akasita. "Tano. Nina tano."

Sikuzani alishusha pumzi.

"Bado," mwalimu alisema. "Nne inakuruhusu kuomba tu. Kila kozi ina masharti yake. Waombaji wakiwa wengi, wanachukuliwa wenye alama za juu. Kwa hiyo usiombe kozi moja. Na soma mwongozo wa kuomba vyuo wa mwaka huu wenyewe, usitegemee ujumbe wa watu."

Wakaufungua mwongozo pamoja. Swaumu alitaka sheria. Mwalimu hakumkataza, ila alimwambia aongeze ualimu wa Historia na Jiografia, kwa sababu ndiyo masomo aliyofaulu. Alhamisi, Swaumu alipokuwa akituma maombi, mtandao ulikatika mara mbili. Mara ya tatu maombi yakaenda.

Nyumbani alimwandikia baba yake hesabu zote mbili kwenye karatasi. Mtoro alizisoma moja baada ya nyingine.

"Nilikuwa nakukosesha chuo," alisema. Halafu akampigia dada yake simu kumwambia Swaumu haji.

Wiki za kusubiri zilikuwa ngumu. Majibu yalipokuja, sheria hakupata. Lakini vyuo viwili vilimchagua kusomea ualimu. Alichagua kimoja, akathibitisha nafasi yake kabla ya siku ya mwisho, kama mwalimu alivyomwelekeza.

Siku ya kwanza ya masomo alimpigia mama yake simu.

"Mama, niko darasani. Tuko wengi sana."

"Umepata pa kukaa?"

"Nimepata, mama. Nimekaa mbele."