Nimebakiza Hapa Tu

Jua lilikuwa linazama Kocha alipoanza kufuta mikeka. Wanafunzi wake wa jioni walikuwa wamekwisha kuondoka, wameacha ukungu wa jasho kwenye vioo na chupa tupu chini ya dirisha. Alitaka kumaliza upesi awahi nyumbani. Alikuwa amebakiza mkeka mmoja na mizani.

Mizani ndiyo iliyomjengea jina. Kila Ijumaa aliiweka katikati ya jimu, akawapandisha wanawake mmoja mmoja na kusoma uzito kwa sauti. Aliyepungua alipigiwa makofi. Ambaye hakupungua, Kocha alimbana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, akaivuta mbele ya wenzake, akauliza, "Nani huyu bado amebeba donge?" Jimu nzima ilicheka. Hata aliyebanwa alicheka, maana kununa kungekuwa aibu ya pili.

Watu walisema njia yake inafanya kazi. Ni kweli ilifanya. Wengi waliona heri washinde na njaa kuliko kubanwa.

Mmoja wao alikuwa binti mwoka mikate, aliyekuja mazoezini na harufu ya hamira kwenye nywele. Kocha akambandika jina: Donge. Binti alipungua mikono, mapaja, mashavu. Likabaki kunjo moja chini ya kitovu, na hilo likagoma. Ijumaa baada ya Ijumaa alibanwa. Halafu Ijumaa moja hakuja. Alikutwa jikoni kwa mama yake, ameanguka kando ya meza ya unga, tumboni hana kitu isipokuwa maji. Kocha alituma rambirambi kwa simu. Mazikoni hakwenda. Siku hiyo alikuwa na darasa.

"Hodi, Kocha."

Aligeuka. Mwanamke alikuwa amesimama mlangoni, mtandio ameushusha hadi machoni. Kocha hakuwa amesikia hatua zozote kwenye ngazi.

"Tumefunga, dada. Njoo kesho."

"Nimebakiza hapa tu."

Alisema kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Aliweka kiganja chini ya kitovu. Mkono wenyewe ulikuwa ngozi na mfupa.

Kocha alicheka. "Wewe ukipungua zaidi tutakutafuta kwa tochi. Haya, panda mizani nione."

Akapanda.

Mshale haukusogea.

Kocha akaisukuma mizani kwa ncha ya kiatu. Mshale ukatikisika, ukarudi kwenye sifuri.

"Imekufa hii," akasema.

"Ndiyo," mwanamke akajibu.

Hapo ndipo harufu ilipomfikia. Unga mbichi... hamira... kitu kilichofunikwa kiumuke, kikasahauliwa.

"Nibane, Kocha."

"Wenzako wanavikimbia vidole hivi, wewe unaviomba?"

"Nibane. Halafu ucheke. Kama unavyofanya siku zote."

Nywele zilimsimama shingoni. Lakini mikono ilikuwa na mazoea yake. Mwanamke aliinua blauzi kidogo, na vidole viwili vikaenda vyenyewe mahali vilipozoea kwenda.

Baridi.

Nyama ilibonyea kama unga uliokandwa, na haikurudi. Kocha akacheka, kicheko kifupi cha kujipa moyo. Akataka kutoa mkono. Vidole vikawa vimenasa. Akavuta... na kitu kikateleza kumfuata, kikapanda kiganjani, kiwikoni, kwapani, kikashuka taratibu ndani ya fulana yake.

Mwanamke alishusha pumzi ndefu.

"Asante. Sasa mimi ni mwepesi."

Kocha alipoinua macho, mlango ulikuwa wazi na ngazi tupu.

Asubuhi alijitazama kwenye kioo cha bafuni. Kwa miaka mingi tumbo lake lilikuwa bapa. Picha yake akiwa kifua wazi ilikuwa ukutani pale jimu, ndiyo iliyowaleta wateja. Sasa chini ya kitovu palikuwa na kunjo. Dogo tu. Juu yake palikuwa na vishimo viwili, upana wa kidole gumba na cha shahada.

Akafanya yale anayowafundisha wengine. Aliacha sukari, akaacha mkate, akaacha chakula cha jioni. Alikimbia kabla hakujapambazuka, akaruka kamba hadi misuli ya miguu ikamkaza, akajinyoosha kama ubao juu ya viwiko mpaka jasho likatengeneza dimbwi chini ya kidevu. Akapungua kila mahali. Mashavu yaliingia ndani. Saa ya mkononi ikampwaya. Kunjo likabaki. Akikaa penye joto, liliumuka polepole chini ya nguo, likashuka, likaumuka tena, kama linapumua.

"Baba Kipusa," mkewe alimwambia, "unapunguza nini tena jamani? Umebaki masikio."

"Hili hapa."

"Hilo? Hiyo si nyama uzembe tu? Kila mtu anayo. Mimi ninazo za kumgawia jirani." Akanyoosha mkono alishike.

"Usiguse!"

Kipusa, binti yao wa pekee, aliacha kuchora akawatazama. Mkewe alirudisha mkono, akanyanyua vyombo na kuingia jikoni. Kocha mwenyewe hakujua kwa nini amepiga kelele.

Daktari alimbonyeza, akampima damu, akaandika kidogo. "Ni mafuta tu haya. Ya mwisho huwa na ubishi. Punguza chakula, ongeza mazoezi."

"Daktari, sili kitu."

"Wote husema hivyo," daktari akatabasamu.

Kocha alikumbuka kwamba hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe.

Jimu nako wakaanza kuona. Ijumaa mmoja alinong'ona, mwenzake akaziba mdomo, na safari hii kicheko hakikumhusu yeyote aliyekuwa juu ya mizani. Wateja wakaanza kupungua. Hilo angelivumilia. Lakini akaanza kuanguka. Mara ya kwanza kwenye ngazi. Mara ya pili akiwa na kamba mkononi, moyo ukaruka, ukasimama, ukafikiri, ndipo ukaendelea. Alirudi kula. Haikusaidia. Chochote alichokula kilikwenda pale. Kwingine kote aliendelea kukauka. Akajua atakufa. Na akajua atakufa kama nani.

Jioni moja akaenda kwa mama wa marehemu.

Alimkuta akikanda unga chini ya taa. Mama hakuuliza hali, wala hakumkaribisha kiti.

"Umekawia," akasema.

"Mama, nisamehe."

"Nyanyua shati."

Akanyanyua. Mama alilitazama kunjo bila kuacha kukanda.

"Nilimwosha mwenyewe," alisema. "Mwili wote ulikuwa umeisha, mwanangu. Umeisha! Nilizihesabu mbavu kwa kitambaa. Ila hapo. Hapo palikuwa na alama ya vidole vyako, na kila nikipaosha haifutiki. Nikaweka mkono wangu juu yake. Nikamwambia, usiende na uchafu huu kaburini, si wako. Mpelekee mwenyewe."

Unga ulipiga meza. Puu.

"Basi tu?" Kocha akauliza. "Ulisema hivyo tu?"

"Nilisema hivyo tu. Mengine sijui. Alikuwa mtoto msikivu."

"Linatokaje, mama?"

"Lilivyoingia. Mtu alibane na acheke. Litamwendea yeye."

Kocha akafikiri haraka. Kulikuwa na kocha mwenzake mtaa wa pili, mtu wa maringo, aliyekuwa akimnyang'anya wateja. Huyo angecheka. Huyo hata kuombwa hangengoja. Mama alikuwa anamtazama, na Kocha alihisi kwamba anasoma kila jina linalompita kichwani.

"Naona umekwisha mpata wa kumpa," akasema. "Hata dakika haijaisha."

Kocha akaanza kufunga shati.

"Una watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Mimi pia nilikuwa naye mmoja," mama akasema. Akafunika unga kwa kitambaa chenye unyevu, akazima taa, akamwacha amesimama gizani.

Alirudi nyumbani karibu anakimbia. Njiani alipanga maneno ya kumwambia yule mwenzake kesho. Atampitia asubuhi, atajifanya amekwenda kuomba ushauri, atafungua shati. Mkewe alikuwa amemwagiza maji, akayabeba madumu mawili kutoka dukani, moja kila mkono. Yalimlemea, lakini moyoni alikuwa na nafuu aliyokuwa ameisahau. Shati hakuwa amelifunga vizuri tangu kule.

Mlango ulifunguliwa kabla hajagonga.

"Baba!"

Kipusa alimrukia miguuni. Macho yake yalikuwa sawasawa na kitovu cha baba yake, na shati lilikuwa wazi. Alikuwa amewahi kupelekwa jimu Ijumaa moja, akaona jinsi watu walivyofurahi. Akakunja uso, akatoa sauti nzito kama ya baba yake.

"Nani huyu bado amebeba donge?"

"Kipusa, acha..."

Madumu yalikuwa mazito. Alipoyaachia, vidole viwili vidogo vilikuwa vimekwisha kubana.

Na mtoto akacheka.

Kocha alihisi wepesi. Ulimjia kutoka chini ya kitovu, ukaenea kifuani, miguuni, na moyo ukapiga sawasawa kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Maji yalikuwa yanamwagika sakafuni. Harufu ya hamira ilimtoka, ikashuka... ikasimama kwenye kimo cha mtoto.

Kipusa aliacha kucheka. Akajishika tumbo juu ya gauni.

"Baba, mbona baridi?"

Kocha alipiga magoti majini. Akaliinua gauni, akaliona, dogo, jeupe kidogo, na vishimo vyake viwili. Akalibana. Vidole vyake vilikuwa vinajua kazi hiyo kuliko vya mtu yeyote. Sasa kilichobaki kilikuwa kimoja tu.

Akafungua mdomo acheke.

Akajaribu.

Akajaribu tena, meno nje, mabega yakitikisika, na kila kilichotoka kilikuwa kilio.

"Cheka basi, Baba," mtoto akanong'ona, midomo yake imeanza kukauka. "Wewe si unajua kucheka?"