Sauti Iliyorudi kwa Babu

Kila siku saa kumi alasiri, kabla hata ya kuvua sare za shule, Chapuchapu alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni akiwa na simu ya mama yake, akisubiri Babu apige. Jina lake la kwenye rejista lilikuwa refu na zuri, lakini nyumbani hakuna aliyekuwa na muda nalo. Aliitwa Chapuchapu kwa sababu alioga chapuchapu, alikula chapuchapu, na asubuhi moja alikwenda shule chapuchapu huku amevaa viatu viwili vya mguu wa kushoto, kimoja chake, kingine cha kaka yake.

Babu aliishi kwa shangazi, katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mtangazaji wa redio, na sauti yake iliwaamsha watu wengi kuliko jogoo. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono ulipona, mguu ukapona, ila ulimi ukabaki nyuma. Mtaalamu wa matamshi alimpa zoezi: asome kwa sauti kila siku, mbele ya mtu mmoja asiye na haraka. Babu akamchagua mjukuu wake mwenye haraka kuliko wote.

"Babu, leo ulimi umeamkaje?"

"Vibaya. Ni punda yule. Ukimvuta huku, anakwenda kule."

"Mchape!"

"Nikimchapa ananing'ata. Haya, sikiliza wewe, acha maneno mengi."

Alisoma polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Neno "kabatini" lilimtesa mara mbili, na mara ya tatu likatoka zima. Chapuchapu alipiga makofi mpaka simu ikaanguka kwenye beseni la maganda ya viazi.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi saba. Mwishoni Babu aliweza kusoma kurasa mbili bila kujikwaa. Kwa hiyo mwalimu wa maktaba aliposema kwamba Ijumaa ya Siku ya Kusoma anatafuta mgeni wa kuwasomea wanafunzi hadithi, Chapuchapu alinyoosha mkono kabla sentensi haijaisha. Babu angesoma akiwa kwa shangazi, kwa simu ya video, na picha yake ingeonyeshwa ukutani.

Alimwambia Babu siku hiyohiyo saa kumi. "Watoto wangapi?" Babu aliuliza.

"Arobaini na watatu."

"Basi nitavaa tai," akasema.

Tatizo lilikuwa sauti. Spika ya kompyuta ya shule ilisikika kwa walioketi mbele tu, na wanafunzi walitaka kumuuliza Babu maswali kwa maikrofoni. Mjomba, kaka yake mama, alikuwa fundi wa sauti. Alikubali kuwaazima spika mbili, maikrofoni moja na mikisa ndogo, lile boksi lenye vitufe vya kupandisha na kushusha sauti.

"Maikrofoni inaingia hapa," alimwelekeza kwenye karakana yake. "Spika zinatoka hapa. Na waya huu unakwenda kwenye kompyuta. Unampelekea Babu sauti zenu, na unawaletea ninyi sauti ya Babu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba... zinaingia na kutoka."

"Hata mlangoni watu wanaingia na kutoka!" Mjomba alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nisikilize, mpwa wangu. Mkiwa maktaba mtasikia safi kabisa, hata kama kwa Babu kumeharibika. Hamtajua. Anayejua ni aliye upande wa pili. Kwa hiyo Alhamisi, mkishaunganisha, mpigie shangazi yako. Mwambie aongee, kisha umuulize anasikia nini. Akikujibu, hapo ndipo useme umejaribu. Mimi nitakuwa kazini mbali mpaka Jumapili. Sitakuwepo kukuokoa."

Alhamisi, Chapuchapu na rafiki yake aliyeitwa Miwani walichomeka kila waya mahali pake. Taa za kijani za mikisa zilicheza. Chapuchapu alisema "moja, mbili, tatu" na maktaba nzima ikanguruma.

"Sasa tumpigie shangazi yako," alisema Miwani.

Nje filimbi ililia. Timu ya netiboli ilikuwa ikichaguliwa, na Chapuchapu alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu muhula uanze.

"Taa zote ni za kijani," alisema huku akifunga kamba za viatu. "Unataka nini tena, zikuamkie shikamoo?"

Mlangoni walikutana na mwalimu wa maktaba. "Mmejaribu na upande wa pili?"

"Ndiyo, Mwalimu. Wanatusikia vizuri sana."

Uongo ulitoka laini, bila hata kukwaruza koo. Miwani alimtazama, akatazama chini. Chapuchapu alichaguliwa kwenye timu, na jioni ile alikula sahani mbili.

Ijumaa saa nne asubuhi Babu alitokea ukutani, mkubwa kama mlango. Tai yake ilikuwa nyekundu, nywele zimechanwa, na shangazi alionekana nyuma yake akitabasamu.

"Shikamoo, Babu!" wanafunzi arobaini na watatu walimwamkia kwa pamoja.

"Marahaba," alijibu, na uso ukamkunjamana kidogo, kama mtu aliyeguswa bega na mtu asiyemwona. Alifungua kitabu. "Palikuwa na mfugaji wa nyuki... mfu... mfugaji wa..."

Alisimama. Akaweka mkono sikioni, akaanza upya. Safari hii maneno yaligongana mdomoni kama watu wanaotoka mlango mmoja kwa wakati mmoja. Maktabani sauti yake ilisikika safi kabisa, kila kujikwaa kukasikika safi pia. Nyuma kabisa mtu alicheka kwa pua. Mwingine akanong'ona, "Mfu-mfu-mfugaji," na mstari mzima wa nyuma ukaangua kicheko.

Babu aliinua macho. "Mna... mnanirudia maneno yangu?"

"Hapana, mzee," mwalimu alijibu kwa upole. "Hakuna anayerudia."

Aliamini anachosema. Babu alimtazama. Kisha akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai, akasema, "Samahani, watoto." Mkono wa shangazi ulifunika picha, na ukuta ukabaki mweupe.

"Maskini," alisema mwalimu. "Mzee wetu bado hajapona. Tulimharakisha." Chapuchapu naye aliona hivyo. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi darasani.

Jumapili alirudisha vifaa. Mjomba hakuwahi kuweka kitu kabatini bila kukipima. Aliunganisha mikisa kwenye kompyuta yake, akampa Chapuchapu simu, akamtuma uani. "Nisomee maandishi ya kwenye lile kopo la rangi. Niambie unasikia nini."

Chapuchapu alianza kusoma. "Rangi hii ni..." Sauti ilimjibu sikioni, imechelewa kidogo, nayo ikisema *rangi hii ni*. Ilikuwa sauti yake. Alijaribu kuendelea, nayo ikamfuata nyuma, ikimkanyaga visigino. "Rangi hii... ni ya... ya ma... ya maji..." Ulimi wake mzima, wenye afya, uliomfanya afukuzwe darasani kwa kupayuka, ulikwama kama gari kwenye tope. Aliganda palepale, kopo mkononi.

Mjomba alitoka nje. "Unajisikia mwenyewe, sivyo? Kuna kitufe hakijabonyezwa. Sauti yako inakuja kwangu, inatoka kwenye spika, lakini pia inageuka na kurudi kwako. Hapo hata mtangazaji anapotea." Alikunja uso. "Ulipojaribu Alhamisi, shangazi yako hakusema?"

"Hakusema," alijibu Chapuchapu.

Na kweli shangazi hakusema. Hakuulizwa.

Angeweza kueleza yote palepale. Lakini kila mtu alishapata maelezo yake, nayo yalimfaa sana: Babu ni mgonjwa, Babu ni mzee. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Jumatatu saa kumi alikaa kwenye ngazi na simu, nayo haikulia. Jumanne haikulia. Jumatano alipiga yeye, shangazi akapokea, akasema Babu amelala. Kwa mbali, nyuma ya sauti ya shangazi, mtu alikohoa kikohozi ambacho Chapuchapu alikijua vizuri. Babu hakuwa amelala.

Ijumaa jioni alimsikia mama akizungumza na shangazi. "Amemwambia mtaalamu asije tena? Kwa hiyo akitaka chai anafanyaje? ... Anaandika? Kwenye karatasi?" Mama alikaa kitini polepole. "Mtu wa redio, jamani. Anaandika."

Chapuchapu alirudisha kipande chake cha mkate sahanini. Asubuhi yake, mama akiwa anaanika nguo, alimweleza yote kwa pumzi moja: filimbi, netiboli, taa za kijani, kopo la rangi. Mama hakupiga kelele. Alimaliza kubana shati alilokuwa ameshika, akafuta mikono, akampa simu. "Hayo si ya kuniambia mimi," alisema.

Shangazi aliweka simu sikioni mwa Babu. Chapuchapu alisema maneno yote aliyoyapanga, yakaisha upesi kuliko alivyotarajia.

"Kwa hiyo," Babu alisema, na ulimi wake ulikuwa mzito kuliko mwezi uliopita, "kweli kulikuwa na... na mtu anarudia."

"Ilikuwa sauti yako, Babu. Mashine ilikurudishia."

"Mwalimu alisema hakuna. Nami nilisikia. Nikadhani kichwa... kichwa kimeanza tena." Alivuta pumzi. "Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Leo ni?"

"Jumamosi, Babu."

Babu alirudisha simu kwa shangazi, na Chapuchapu akabaki ameshika yake mpaka kioo kikazima.

Jumatatu alisimama mbele ya mwalimu wa maktaba, kisha mbele ya darasa. Alipomaliza, yule aliyesema "mfu-mfu-mfugaji" alijificha nyuma ya kitabu chake, na hakuna aliyecheka. Mwalimu alimpa adhabu ya kupanga vitabu kwa mwezi mzima wakati wa mazoezi ya netiboli. Kisha yeye na wanafunzi wote waliandika barua ya kumwomba Babu radhi. Babu alichukua wiki tatu kuijibu.

Aliporudi ukutani, alivaa tai ileile. Jana yake Mjomba alikuwa ameongea naye nusu saa kuhakikisha hajisikii mwenyewe, na Chapuchapu alikibonyeza kile kitufe kwa mkono wake. Maktaba ilikuwa kimya mpaka feni ikasikika. Lakini ulimi ulikuwa umekaa bure muda mrefu. Mtu aliyefikisha kurasa mbili alisoma nusu ukurasa, jasho likamtoka, akafunga kitabu. Walimpigia makofi kwa muda mrefu, baadhi yao wakiwa wameinamisha vichwa.

Wengine walipotoka, Babu aliomba Chapuchapu abaki.

"Nilikusamehe... siku ile ile uliyosema," alianza, akichagua kila neno. "Kitufe si kitu. Mimi redioni nimesahau vitufe vingi, wewe hujui tu. Siku moja nilitangaza habari nzima, hakuna aliyenisikia isipokuwa mfagiaji." Alicheka kidogo, kisha akatulia. "Ungesema Alhamisi kwamba hujajaribu, tungejaribu. Ungesema Jumapili, ningecheka, nikarudi kusoma Jumatatu. Lakini ulinyamaza. Nami sikuwa na mtu wa kumlaumu, nikajilaumu mwenyewe. Siku nane nilijua kwamba mimi ndiye mbovu."

Machozi yalimdondoka Chapuchapu juu ya mikisa, akayafuta kwa kiganja.

"Ukiharibu kitu, sema mapema," alisema Babu. "Usiseme ili usamehewe tu. Sema kwa sababu kuna mtu mahali fulani, na usiposema, atadhani ni yeye."

"Nimesikia, Babu."

"Haya. Funga mlango, tumalizie. Umebaki ukurasa mmoja na nusu."

Chapuchapu alifunga mlango, akavuta kiti. Ukurasa huo na nusu, ambao zamani Babu aliumaliza chai ikiwa bado ya moto, uliwachukua mwezi mzima wa simu za saa kumi.