Tisini na Tano

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Kompyuta aliwabadilishia maji vifaranga wa shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa darasani kwa wepesi wake wa kukokotoa, naye akalivaa kama taji.

Wiki hiyo mwalimu wa fizikia alimkata alama kwa kuandika "12" pale palipotakiwa "mita 12".

"Kumi na mbili nini? Mbuzi?" mwalimu aliuliza, darasa likaangua kicheko.

Kompyuta alibetua midomo. Kwake yeye, vizio kama mita na kilo vilikuwa kazi ya wazito, watu kama binamu yake Konokono, aliyeandika polepole kana kwamba anachonga jiwe.

Jumamosi shangazi alikwenda kununua chakula cha kuku, akawaachia wawili hao banda.

"Joto lisipite thelathini na tano," aliagiza. "Nimetundika kipimajoto kipya. Likizidi, zimeni moja ya taa za kuwapasha joto."

Hajafika mbali, Kompyuta akachungulia kipimajoto. Mshale ulisimama kwenye tisini na tano.

"Mama yangu! Wataungua!" Akazima taa zote mbili, akafungua madirisha.

"Ngoja kwanza," Konokono alisema. "Tisini na tano nini?"

"Namba ni namba, we mzito! Wenye akili wakifanya kazi, wewe kaa pembeni."

"Lakini mbona walikuwa wamelala vizuri…"

"Nimesema kaa pembeni!"

Konokono akanywea. Alishazoea kudharauliwa.

Nje mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na upepo wa baridi ukaingia bandani. Punde vifaranga wakaanza kulia, wakajazana kona moja wakikanyagana. Kompyuta akajiambia ni woga tu. Alipomwinua mmoja wa waliokuwa chini, kichwa kililegea kiganjani. Mwili ulikuwa baridi.

Konokono alishachuchumaa mbele ya kipimajoto. "Hapa chini pana herufi F. Ni Farenhaiti. Toa thelathini na mbili, zidisha kwa tano, gawanya kwa tisa…"

Kompyuta alipata jibu kabla binamu yake hajamaliza. Nyuzi thelathini na tano za Selsiasi. Joto lilikuwa sawasawa tangu mwanzo.

Wakafunga madirisha, wakawasha taa, wakawafunika wanyonge kwa matambara. Wengi walipata nguvu. Watano walikufa.

Shangazi aliporudi, Konokono alitazama chini.

"Nimewaua mimi," Kompyuta alisema. "Yeye aliniuliza, nikamtukana."

Shangazi hakufoka, na hilo likamuuma zaidi.

"Maji huchemka kwa nyuzi mia za Selsiasi. Hilo hukulijua?"

"Nalijua."

"Basi kwa tisini na tano si wangekuwa supu? Na nilipowaacha si walikuwa wamelala raha mustarehe!" Akashusha pumzi. "Kosa langu lipo. Nilitaja namba tupu, nikaondoka. Lakini mwenzako aliuliza nilichosahau kusema, ukamfunga mdomo. Namba bila kizio haijasema kitu, mwanangu. Ndiyo maana mwalimu wako anakukata alama. Na kasi bila kuuliza ni kukimbilia shimoni. Mzito bandani leo alikuwa nani?"

Kompyuta alimgeukia binamu yake. Kwa mara ya kwanza alimwita kwa jina lake halisi, akamwomba radhi.