Mkanda wa Damari

Kila alfajiri wanawake wa kijiji cha Kinyangiri walipiga magoti mbele ya mawe yao wakasaga uwele. Nyumbani kwa Damari jiwe lilisukumwa na Hana, binti yake wa miaka kumi. Damari alilala ubavu kwenye ngozi, akisikiliza, na machozi yakimtoka.

Mgongo ulikuwa umemgomea tangu palizi. Alichanjwa chale, akanywa mizizi, akajifunga kiunoni mkanda wa ngozi ya ng'ombe kama mama yake alivyomfundisha. Kila mgongo ulipouma aliukaza mkanda zaidi. Hana akaachishwa shule ili asage, naye mwalimu alisema nafasi yake haitangoja milele. Damari alijiona anamla mwanawe akiwa hai. Alimwambia mumewe, Melkizedeki, kwamba ni heri yeye afe, ili mume aoe mwanamke mwenye mgongo mzima.

Melkizedeki alitoka akamwita Ezekieli, dresa wa zahanati, mtibu vidonda na magonjwa madogo.

Ezekieli alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, vitani Burma. Aliumia mgongo, akalazwa India, na huko mhudumu mmoja akamfundisha mazoezi ya kujinyoosha na kupumua yaitwayo yoga. Kwanza alimuuliza Damari kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unamtoka, kama ana homa au mimba. Damari alijibu hapana kwa vyote.

"Ungekuwa na kimoja tu, ningekupeleka hospitali leo," alisema. "Sasa fungua mkanda."

"Nikiufungua nitakatika, Bwana Dresa."

"Mama Hana, umejibana hata pumzi haishuki. Utapona vipi?"

Damari aliuliza kama hayo ni maombi ya Wahindi, maana yeye amebatizwa. Ezekieli alimjibu kwamba kwa wengine ni ibada, lakini yeye atapumua na kujinyoosha tu.

Akamwonyesha. Damari aliweka mikono na magoti chini, kama mbele ya jiwe. Akivuta pumzi, alilegeza tumbo polepole. Akitoa pumzi, aliinua mgongo kama paka. Mara tano kila siku, kabla ya kula, Ezekieli aliagiza. Kisha alikalia visigino, akainama, akapumzisha paji la uso mkekani. Akisikia maumivu makali, aache, dresa aliongeza.

Basi Damari, mkulima hodari, kesho yake alifanya mara arobaini, amebana pumzi, kana kwamba anamaliza ngwe ya shamba. Jioni hakuweza hata kugeuka. Alijifunga mkanda tena, akageukia ukuta, akasema yamekwisha.

Ezekieli aliporudi hakumgombeza. "Hapa hakuna ngwe," alisema. "Tano tu. Kesho tano."

Damari hakumwamini hata kidogo. Lakini asubuhi aliona viganja vya Hana vimechubuka hadi damu, akafungua mkanda. Alifanya mara tano. Wiki ya kwanza hakuona kitu. Ya pili pia, na kila siku alilia kwanza. Ya nne aliinama akavaa viatu vyake mwenyewe.

Katika mwezi wa tatu wa mazoezi, Hana aliamka akakuta jiwe linasukumwa. Damari alikuwa anasaga, anapumzika, anapumua, anasaga tena. Habari ya shule ilikuwa imeshafika: nafasi ya Hana imepotea, ataanza tena na wadogo. Hilo lilimuuma Damari kuliko mgongo.

"Mama, bado unaumwa?"

"Bado. Ila kusaga nitasaga mimi. Kalete kibao chako cha kuandikia."

Hana alikileta. Damari akachukua ule mkanda wa ngozi, akakifunga nao ili binti yake akibebe begani aendapo shule.