Uzi Mwekundu Shingoni mwa Chupa

Saa kumi na dakika ishirini, Alkhamisi, nyumbani kwa Bi Umkulthum mjini Nizwa, Omani, Bi Shaikha alifungua chupa yake ya sharbati ya komamanga, akapiga funda moja, akalitema kwenye leso.

"Astaghfirullah! Hii pombe!"

Alikuwa amekuja kumvika Maram, mjukuu wa Bi Umkulthum, pete kwa niaba ya mwanawe. Badala yake akaikusanya pete na ndugu zake wote. Mlangoni akageuka.

"Nipewe jina la aliyefanya haya kabla ya Magharibi. La sivyo, nakwenda polisi."

Wadha alikuwa polisi miaka ishirini na sita kabla hajastaafu, na Bi Umkulthum ni khala yake, dada wa mama yake, aliyemlea. Sharbati za khala zilinywewa katika kila harusi ya watu wa Unguja, kutoka Nizwa hadi Ibra. Leo jina la khala lilikuwa linakanyagwa, na Wadha lilimuuma hasa.

Akafunga mlango wa jikoni, khala, Maram na jirani wakiwa ndani, akaiinua chupa ya Bi Shaikha kwenye mwanga. Chini palikuwa na machicha mazito. Khala huchuja kwa kitambaa cha melimeli mara tatu. Sharbati yake haina hata chembe.

"Nani alibeba sinia la chupa?"

"Mimi," alisema Rasha, yule jirani, ambaye naye huuza juisi. "Lakini wallahi, dada Wadha, nilizikuta zimeshafungwa. Si umemuona Bi Shaikha akiifungua mwenyewe?"

Kweli. Bi Umkulthum hufunika kila chupa kwa karatasi na kuifunga uzi: mweupe kwa wageni, mwekundu kwa mgeni wa heshima peke yake. Fundo lake alilirithi kwa mama yake, na Rasha, pamoja na wivu wake wote, hakuwahi kuliweza. Wadha akamruhusu aende.

Akamwita Hud, kaka yake Maram, aliyerudi kutoka Dubai juzi. Wadha alitaka anuse tu. Kijana akachovya kidole, akalamba kabla hajajizuia.

"Rasiberi," alisema. "Na pesheni. Wanajaza matunda mpaka bia inakuwa nzito. Ukali kwanza kama siki, uchungu unakuja nyuma."

"Umeijua upesi."

Hud akainamisha kichwa. "Nilikuja na makopo mawili, nimeyaficha sandukuni. Sasa liko moja. Lakini si mimi, Khalti Wadha!"

Bi Umkulthum akajipiga kifua. "Mjukuu wangu mlevi! Basi ndiye yeye. Mtaje, yaishe."

Wadha akampa Hud chupa tupu na uzi. "Funga kama hii."

Hud akafunga fundo la kamba za kiatu. Uzi ukateleza.

"Khala, fundo lako umemfundisha nani?"

Macho ya Bi Umkulthum yalikwenda kwa Maram, aliyekaa kando ya friji na nguo zake za uchumba. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na Wadha angependa sana siku moja wakosee. Akamnyooshea Maram uzi. Maram hakuupokea.

"Niliimwaga ile ya komamanga, nikatia hiyo bia, nikafunga upya," alisema. "Nilijua ataonja na ataondoka."

"Ungesema humtaki!" alifoka Wadha.

"Nilimwambia Bibi mara mbili. Akaniambia nina utovu wa adabu. Walipokuja wanaume kutaka jibu, akaingia chumbani kuniuliza. Nikanyamaza. Akatoka akawaambia nimeridhia."

"Kimya cha mwari ndiyo idhini yake," alisema Bi Umkulthum. "Ndivyo tulivyoulizwa sote."

"Nilikuwa nalia, Bibi."

"Wari wote hulia."

"Na mimi ukaniharibia jina?" aliongeza Bi Umkulthum, kwa sauti ndogo. "Miaka arubaini, Maram."

"Sikuwa na kitu kingine ambacho wangekikataa."

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi, Bi Umkulthum alichukua simu. Wadha akanyoosha mkono amzuie, kisha akaurudisha.

"Bi Shaikha? Kosa ni langu. Nimezeeka, sharbati imenichachia chupani. Uwaambie watu ukweli huo. Sitauza tena."

Akakata. Akalisukuma bunda la uzi mwekundu mpaka mbele ya mjukuu wake.

"Umeridhia sasa?"

Maram akanyamaza. Adhana ikaanza, ikaisha. Safari hii Bi Umkulthum hakumjibia, alikaa akingoja.