Herufi za Rula Zilivyonywea

Jamani, nyumba haibomoki kwa kishindo kila mara. Nyingine humeguka punje kwa punje, na wenyewe wamo ndani wanatazama.

Asubuhi moja tulivu, fundi mmoja wa vibao alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake, kibao cha kinyozi magotini, anaandika. Mtaa mzima ulimwita Rula, maana mkono wake ulipiga mstari ulionyooka bila kuegemea kitu. Mkewe alikuwa chumbani anakunja nguo. Ghafla akatoka mbio.

"Baba watoto! Maziwa yanaungua mpaka jirani anakohoa, nawe umekaa tu?"

Rula akavuta pumzi. "Yanaungua? Mbona sisikii harufu?"

"Hiyo pua umeiweka kwa urembo?"

Wakacheka. Nawe msomaji cheka, ila kicheko hicho kiweke akiba. Tutakirudia.

Ikapita miaka sita. Rula akawa mzito. Mkono wa kulia ukaacha kupunga anapotembea, ukaning'inia kama wa shati kambani. Viatu vikawa vinaburura. Uso uliokuwa haukosi utani ukakauka, hata ukimsalimia hujui kama amefurahi au amenuna. Kutetemeka? Hakutetemeka, na hilo ndilo lililowapoteza wote.

Siku moja seremala wa jirani alikuja na kibao begani, akakiegemeza ukutani.

"Shemeji, hebu tazama. Hapa 'VITANDA' kubwa kama mlango. Fuata maneno mpaka mwisho: sisimizi! Mimi niliagiza kibao, sikuagiza barua."

Mke akaona aibu. "Labda alichoka, shemeji."

"Alichoka au alikunywa? Mwendo wake ule hauuoni? Mwenzio nakwambia kwa wema tu."

Neno hilo lilimwingia mama yule sikioni, likataga mayai. Akaanza kunusa vikombe, kupekua mifuko, kutikisa makopo ya rangi. Chupa hakuiona hata moja. Lakini mtu aliyekwisha kuamini hakosi jibu. Alijiambia, "Huyu ni hodari wa kuficha."

Jumapili mchana akaita kikao: mdogo wake Rula na binti yao mkubwa.

"Kaka, unakunywa?" mdogo mtu akauliza.

Rula akamtazama. Jibu lilikuwepo, ila lilikuwa njiani, linakuja polepole kama miguu yake. Na uso haukusema chochote.

"Baba, tunaongea na wewe!" binti akafoka. "Mnaona? Hata haya hana."

"Si... kunywi," Rula akasema mwishowe. Mdogo wake alikwisha kusimama zamani, anavaa viatu.

Wakakata shauri: asiguse kazi mpaka ajirekebishe, na alale stoo asiaibishe wageni. Mkewe mwenyewe ndiye aliyefungia brashi sandukuni. Ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo.

Mwaka mzima Rula alikaa stoo, kidole kikiandika herufi pajani. Chakula alipelekewa. Maneno hakupelekewa.

Asubuhi moja akitaka kutoka, miguu ikagoma kizingitini kama iliyogandishwa kwa gundi. Mwili ukatangulia, akaanguka, paji la uso likapasuka. Damu ilimtisha mkewe kuliko aibu, akamkimbiza hospitali.

Daktari, mama mtu mzima mwenye miwani, alimshona, kisha akamtembeza ukumbini. Halafu akampa kalamu. "Mzee, niandikie sentensi yoyote."

Rula akaandika: *Mke wangu amenileta hapa.* Neno la kwanza lilikuwa na ukubwa wa harage. La mwisho lilikuwa chawa.

"Mama, anasikia harufu?"

Mke akakumbuka maziwa. "Hasikii. Miaka mingi, tukamfanyia mzaha."

"Usingizini anarusha mateke, anapiga kelele?"

"Ee. Nikamwambia anacheza mpira ndotoni."

"Choo kigumu?"

"Siku zote. Daktari, si pombe?"

"Si pombe, wala hajarogwa. Ni ugonjwa wa ubongo, unaitwa Pakinsoni. Mara nyingi huanza kimyakimya, puani, tumboni, usingizini, miaka kabla mwendo haujaharibika. Wataalamu wanaona kuna protini inayojikunja vibaya na kutoka chembe moja ya ubongo kwenda nyingine. Umeona tone la rangi kwenye kitambaa? Linaanza nukta, linatambaa. Kwa wengine hufika hata kwenye kumbukumbu."

"Na sisi nyumbani atatuambukiza?"

"Hapana. Unasambaa ndani ya mwenyewe tu."

"Tungemleta mwaka jana?"

Daktari akavua miwani. "Dawa ya kuuondoa hakuna, mama. Lakini ipo ya kumlegeza viungo. Na mwaka huo asingeukaa stoo."

Walirudi kwa miguu, polepole, mke amemshika mkono. Ndipo akaviona vibao. Cha kinyozi, herufi zimesimama kama askari. Cha duka la viatu, mwisho umenywea kidogo. Cha mshona mikoba, umenywea zaidi. Kisha, nyumbani, cha seremala, bado kimeegemea ukuta ule ule. Ushahidi ulikuwa umetundikwa barabarani kwa rangi, mwaka baada ya mwaka, naye alikuwa anapekua mifuko.

Akawaita wale wale, akawakalisha viti vile vile. "Nilimshtaki mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu. Baba watoto, nisamehe."

Rula akanyamaza. Safari hii hakuna aliyesimama. Wakangoja. Saa ya ukutani ikagonga na kugonga.

"Seremala," akasema, "bado... anataka kibao?"

Binti akacheka huku analia.

Dawa ikamlegeza. Daktari aliwafundisha kumpigia mistari miwili ya chaki, aandike katikati yake, herufi zisinywee. Mkewe ndiye aliyeipiga, na seremala akapata kibao chake. "Leo Rula kapata rula!" akatania, akainamisha kichwa.

Miaka mitatu mbele, usahaulifu nao ukafika, kama ilivyosemwa. Siku moja wakipita, Rula alisimama mbele ya duka la kinyozi.

"Nani aliandika kile? Ana mkono."

"Mume wangu," mke akajibu.

"Mwambie... kazi nzuri."

"Namwambia," akasema, akamkaza mkono, wakaendelea na safari yao.

Funzo

Ndugu zangu, mzee wako akianza kuburura miguu, akikosa harufu, mwandiko ukinywea, usimnuse mdomo kabla hujampeleka kwa daktari. Si kila dalili ni ugonjwa huu, lakini kuuliza hakuui mtu. Na anayechelewa kujibu, mngoje. Ugonjwa humnyang'anya mgonjwa vingi, lakini ile stoo haukuijenga ugonjwa. Tuliijenga sisi.