Mji wa Method Chini ya Ziwa

"Justina, acha hivyo vitenge, njoo uone! Method wako kagundua mji!"

"Method si wangu," nilimjibu Zamda bila kuinua uso. "Na huyo hata rimoti ikiwa chini ya mto wake haioni. Agundue mji?"

"Umezama! Uko chini ya ziwa pale Lamadi. Barabara, mitaa, viwanja vimepimwa kabisa! Kauona kwenye ramani ya setilaiti. Watu laki mbili wameshaangalia, shoga, tangu jana tu!"

Zamda ni mwenzangu wa meza hapa soko la Bariadi. Umbea kwake ni kama chai, asubuhi lazima. Nikajifanya sitaki, huku mkono umeshanyooka kuipokea simu. Kusema kweli nilitaka kumwona Method, huo mji baadaye.

Kwa msiomjua, Method ni fundi simu pale karibu na stendi. Tulipendana miaka mitatu. Mshenga wake alishafika Dutwa kwa baba yangu, wazee wakakubaliana idadi ya ng'ombe, ikabaki siku tu. Halafu miezi minane iliyopita akanitumia ujumbe: "Justina, tusijuane. Baki na nahodha wako." Nikapiga, kumbe kaniblock.

Sasa huyo hapo kwenye video, kapungua kidogo, anapitisha kidole kwenye ramani.

"Ndugu zangu Wanasimiyu, maumbile hayachori mistari iliyonyooka hivi! Hesabuni wenyewe, barabara tisa, zote sambamba! Na hii moja imepinda, inatoka katikati ya mji mpaka karibu na ufuko. Wazee wetu hawakuwa watu wa mchezo!"

Komenti zilikuwa zinamiminika. "Hiyo iliyopinda ni Njia ya Mtemi, alikuwa anapita kwenda kwa mke mdogo." "Wakubwa walijua wakaficha." "Tunaomba serikali ikaushe ziwa."

Nikacheka mpaka mteja akageuka. Halafu kicheko kikakatika chenyewe.

"Vipi tena?" Zamda akauliza.

"Zamda, huo siyo mji. Hiyo ni boti yetu."

Mwezi ule tulioachana nilikuwa na kibarua kwenye mradi wa kupima kina cha ziwa. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba. Boti inakwenda, inageuka, inarudi, inageuka, kama ng'ombe wa plau shambani. Pale ilipopita, vipimo vikaingia kwenye ramani na chini ya maji pakaonekana vizuri. Ambapo haikupita pamekisiwa tu, kwa hiyo njia yake ikabaki kama mistari. Barabara tisa za Method ni siku zangu tisa za kutapika.

"Na hiyo Njia ya Mtemi?"

Nikamrudishia simu yake.

"Mtemi ni mimi. Nilikuwa namtafuta Method."

Nikamsimulia. Siku ile tuko mbali ziwani, mtandao ukashika sekunde chache, ujumbe wa Method ukaingia: "Mama anaingizwa chumba cha upasuaji. Naogopa." Nikapiga, mtandao umeshakata. Nikamlilia nahodha mpaka akauacha mstari, akakata kona kuelekea ufukweni kuutafuta mnara wa simu wa Lamadi. Nikapiga mara kumi na moja. Simu ya Method imezimwa. Ya kumi na mbili wimbi likaniogesha mimi na simu, na simu ikafa hapo hapo. Niliporudi nilimfuata dukani kwake.

"Nilikupigia, Method."

"Nioneshe."

Nimwoneshe nini? Simu imekufa, na watu wameshamjaza maneno kwamba mwenzake yuko ziwani anastarehe na nahodha. Mama yake alipona, namshukuru Mungu. Mapenzi yetu ndiyo yaliyofia hospitali.

"Sasa si umepata ushahidi!" Zamda akaruka kama kapewa yeye. "Mpelekee hiyo kona, alie machozi!"

"Simpelekei."

"Una wazimu?"

"Akiniamini kwa sababu ya kona, hajaniamini mimi, kaiamini ramani. Mimi nataka aniamini mimi."

"Haya, basi mwache aumbuke. Kesho saa tano anaingia ziwani laivu na watu wa chaneli ya Mwanza. Si alikuita malaya?"

"Hakuniita malaya. Alisema nibaki na nahodha."

"Tofauti yake?"

Nikarudi kukunja vitenge vyangu. Lakini siku nzima nilimwona Method kichwani mwangu, kasimama katikati ya maji, dunia nzima inamcheka. Nikashindwa. Nilitaka sana achekwe, ila nimcheke mimi peke yangu.

Nilimtumia ujumbe: "Hakuna mji. Usiende laivu." Tiki moja. Kumbe bado kaniblock.

Asubuhi nikapanda Noah ya Lamadi. Dutwa nilipita bila kushuka, nimejitanda kitenge baba asinione.

Ufuko ulikuwa umejaa utadhani siku ya mnada. Wauza samaki wameacha meza zao. Gari la watalii waliokuwa wanakwenda Serengeti limesimama, na wao wanapiga picha bila kujua wanapiga nini. Method kavaa shati jeupe jipya, lina mikunjo ya dukani bado. Pembeni yake Rehana, mtangazaji wa ile chaneli, anapanga simu kwenye vyuma vya kurekodia. Na kwenye boti waliyokodi, mzee mmoja kainama anachota maji.

Nilipomtambua nusura nipige yowe. Alikuwa Machibya, nahodha wetu wa upimaji.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia Kisukuma kwa kunong'ona.

"Mwangaluka, mayu! Wewe si yule mwandika namba?"

"Taratibu, baba. Wamekwambia unawapeleka kuona nini?"

"Mji. Nimewaambia nimezaliwa hapa, mji sijauona. Wakasema mzee, wewe endesha tu."

Method akageuka. Aliponiona, uso wake ulibadilika mara tatu kwa mpigo.

"Justina? Umefuata nini huku?"

"Nimekufuata wewe. Nipe dakika tano."

"Bado dakika ishirini tuingie hewani."

"Ndiyo maana nimekuja sasa."

Tukasogea nyuma ya vichanja vya dagaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri tangu Bariadi. Yote yakanitoka.

"Method, hakuna mji. Ile mistari ni njia ya boti iliyokuwa inapima kina. Nilikuwa ndani yake."

"Umekuja kuniharibia."

"Ningetaka kukuharibia ningekaa sokoni nikakuangalia kwenye simu huku natafuna karanga."

"Una ushahidi?"

Jamani, ulimi uliniwasha! Nahodha yuko hatua kumi. Ile kona anayo mwenyewe mfukoni, kwenye simu yake. Neno moja tu na kila kitu kinakwisha. Nikalimeza.

"Nina neno langu."

"Justina..."

"Neno langu, Method. Kama lile ulilolikataa. Leo nakupa lingine. Ukilikataa na hili, la tatu hulioni."

Rehana akaja haraka haraka. "Kaka Method, watu elfu tisa wanasubiri. Kuna nini?"

"Huyu anasema hakuna mji."

Rehana akanitazama, akatabasamu. "Dada yangu, hata sisi hatusemi upo. Tunasema 'je, upo?' Alama ya kuuliza inatosha."

"Na wewe unasemaje?" nikamuuliza Method.

Alitazama ziwa, akatazama ule umati, akatazama lile shati lake. Nikaona nisimsubiri, maana machozi yalikuwa yameshafika mlangoni. Nikapanda kuelekea barabarani kutafuta gari la kurudi.

Kando ya lami mama mmoja, wateja wanamwita Monika, alikuwa anakaanga samaki. Simu kaiegemeza kwenye dumu la mafuta.

"Karibu, dada. Kaa hapa tunangoja mji."

Nikakaa.

Laivu ikaanza. Rehana akapaza sauti, kajaa bashasha mpaka anasahau kupumua: siri ya karne, ustaarabu uliopotea, mgunduzi kijana wa Bariadi! Halafu akampa Method nafasi. Method akajifuta jasho.

"Habari zenu. Mimi ndiye niliyesema kuna mji. Hakuna mji."

"He!" Monika akaacha samaki waungue.

"Mistari ile ni njia ya boti iliyokuwa inapima kina cha ziwa. Nimeambiwa na mtu aliyekuwemo."

Sauti ya Rehana ikasikika imekauka. "Kaka, una ushahidi wowote wa hilo?"

"Sina. Nina neno lake. Miezi minane iliyopita alinipa neno lingine, nikamwambia aoneshe ushahidi. Hakuwa nao, nikamwacha. Tangu siku hiyo dukani pakiwa kimya naangalia ramani tu, natafuta sijui nini. Ndivyo nilivyouona huo mji. Mtu mwenye furaha zake hawezi kuona mji ziwani, ndugu zangu. Nisameheni."

Komenti zikamshukia kama nyuki. "Kahongwa huyo!" "Wameshamfikia wakubwa." "Rudisha bando langu!" "Kwa hiyo kisa demu?"

Mimi nilikuwa nimeshika mdomo kwa mikono yote miwili. Ameniamini! Mbele ya watu elfu tisa, mikono mitupu, ameniamini!

Rehana hakukubali kufa kikondoo. "Watazamaji wanauliza, na Njia ya Mtemi je? Boti gani inapinda vile?"

"Hiyo sijui," Method akasema.

"Hiyo naijua mimi!"

Machibya alikuwa ameshaingia kwenye picha, ndoo ya maji mkononi.

"Hapo ni siku ya upepo. Binti alipata ujumbe, mama wa mchumba wake yuko kwenye upasuaji. Akalia mpaka nikashindwa kushika usukani. Nikauvunja mstari nikaja huku kumtafutia mtandao. Kapiga, kapiga, hapokelewi! Mwisho wimbi likaua simu. Mkubwa wetu wa kazi alinigombeza mimi kwa kona hiyo. Mpaka leo najiuliza, huyo mchumba aliyezima simu siku kama ile ni mjinga wa wapi?"

Method akamgeukia.

"Mzee... wewe ndiye uliyekuwa nahodha?"

"Ndiyo mimi. Miaka sitini na nne, wajukuu kumi na mmoja. Kwani wewe ulitaka awe nani?"

Monika alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Sikubaki kumsubiri amalize. Nilikuwa nimeshatimua mbio kuteremka ufukweni, ndala moja imebaki kwenye lami. Watu wakanipisha. Method akaniona, akanijia, akasimama hatua mbili kabla hajanifikia.

"Justina, ile kona..."

"Usianze na kona! Nijibu kwanza. Umeniamini kabla mzee hajasema, au baada?"

"Kabla. Hao wote ni mashahidi."

"Kwa nini?"

"Nimekublock, nimekusingizia, na bado umepanda gari kuja kunizuia nisichekwe. Mtu wa namna hiyo hanidanganyi. Ningeyajua haya siku ile." Akasogea hatua moja. "Simu niliizima mwenyewe, Justina. Ndugu walikuwa wanapiga kila dakika kuuliza hali ya mama, nikashindwa kuwajibu. Baadaye nikaona rahisi kukulaumu wewe kuliko kujilaumu mimi. Nisamehe."

Nililia pale pale, mbele ya watalii na dagaa. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa na furaha, na nilitaka kumpiga kofi. Nikampiga la begani, halafu nikaliegemea hilo hilo bega.

"Na nahodha wangu?" nikamuuliza.

"Nimemwona. Nimekoma."

"Dada!" Rehana alikuwa bado anarusha, mkono mmoja anafuta machozi. "Wamefika elfu thelathini! Wanasema umrudie!"

Simu yangu ikaita. Nilipoona jina, nilijitoa kwenye lile bega kama limeshika moto. Ni baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Uko Lamadi?"

"Ndiyo, baba."

"Umepita Dutwa hukushuka kunisalimia?"

"Nisamehe, baba. Nilikuwa na haraka."

"Hilo tutaongea. Mimi niko hapa kwenye mizani ya pamba, watu wote wameniletea simu zao. Huyo kijana yuko karibu?"

"Yuko hapa."

"Weka sauti kubwa."

Nikaweka. Umati wote ukasogea karibu. Method akapiga goti moja mchangani, kana kwamba baba anamwona. Kumbe kweli alikuwa anamwona, kamera bado iko juu yake.

"Shikamoo, baba."

"Sijaitikia bado. Umesema mbele ya watu kwamba neno la binti yangu linatosha?"

"Ndiyo, baba."

"Na siku nyingine litatosha?"

"Litatosha, baba. Siku zote."

"Basi marahaba. Sasa nisikilize. Nasikia una macho makali, unaona mpaka chini ya ziwa. Mimi zizi langu liko juu ya ardhi, nalitazama kila asubuhi, na ng'ombe tuliokubaliana na mshenga wako siwaoni."

Ufuko mzima ukalipuka. Vigelegele, miluzi, Machibya anagonga ndoo yake kama ngoma.

"Wanakuja, baba!" Method alipiga kelele. "Jumamosi hii!"

"Uje na mshenga. Ramani uiache huko huko."

Jumamosi ile nilikuwa nyumbani Dutwa tangu alfajiri. Nilikuwa nimefika katikati ya kufagia uwanja niliposikia kengele za ng'ombe zinakuja kwa njia ya shambani, na sauti ya mtu ninayemjua anawaswaga vibaya kama fundi simu. Nikatupa fagio.